Wanafunzi wa vyuo Marekani: Nani anastahili nafuu ya kodi ya elimu?

KILA ifikapo mwisho wa Januari, vyuo vya Marekani huwapatia wanafunzi wao karatasi moja ndogo iitwayo fomu 1098-T. Karatasi hiyo huonyesha ada iliyolipwa katika mwaka uliokwisha, pamoja na ufadhili wa masomo uliopitia chuoni. Kwa familia nyingi huo ndio mwanzo wa kurejeshewa sehemu ya gharama za masomo kupitia kodi ya mapato. Kwa familia nyingine, zikiwamo za wanafunzi waliotoka Afrika Mashariki, huo unaweza kuwa mwanzo wa kosa litakalowagharimu kwa miaka kadhaa.

Chanzo cha kosa hilo ni dhana kwamba aliyelipa ada na kupewa fomu amekwisha kustahili nafuu. Sivyo ilivyo. Fomu 1098-T inathibitisha kwamba fedha zililipwa, lakini haisemi lolote kuhusu hadhi ya mwanafunzi mbele ya sheria ya kodi. Mtanzania mwenye viza ya mwanafunzi na mwenzake mwenye kadi ya kijani wanaweza kuketi dawati moja, wakalipa ada ileile na kupokea karatasi zinazofanana; mmoja akastahili maelfu ya dola, na mwingine asistahili hata senti moja.

Nafuu na punguzo ni vitu viwili

Nchini Tanzania, msaada wa serikali kwa wanafunzi wa elimu ya juu hupitia zaidi Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kenya nayo ina bodi kama hiyo tangu mwaka 1995. Marekani pia ina mikopo na ruzuku za serikali, lakini sehemu nyingine ya msaada imewekwa ndani ya sheria ya kodi. Asiyejaza ritani ya kodi, au anayeijaza vibaya, huikosa sehemu hiyo.

Msaada huo una sura mbili. Ya kwanza ni punguzo, ambalo hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Mtu mwenye punguzo la dola 2,500 anayetozwa kodi kwa kiwango cha asilimia 12 huokoa dola 300 tu. Sura ya pili ni nafuu, ambayo hupunguza kodi yenyewe. Mtu anayedaiwa kodi ya dola 2,500 akipata nafuu ya kiasi hicho hicho, deni lake lote hufutika. Ndiyo maana kwa mwanafunzi au mzazi, nafuu huwa na uzito mkubwa kuliko punguzo.

Nafuu za elimu zilizopo ni mbili. Zote zina mizizi katika sheria ya mwaka 1997 iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton, iliyoanzisha nafuu ya Hope kwa wanafunzi wa miaka ya mwanzo ya chuo na nafuu ya Lifetime Learning kwa wanaoendelea kujielimisha. Mwaka 2009, katika sheria ya kufufua uchumi ya Rais Barack Obama, nafuu ya Hope ilipanuliwa na kupewa jina la American Opportunity. Mwishoni mwa mwaka 2015 Bunge la nchi hiyo liliifanya kuwa ya kudumu.

Punguzo la ada, lililowahi kufikia dola 4,000 kwa mwaka, halipo tena. Lilianza mwaka 2002 na kufikia ukomo wake baada ya mwaka wa kodi wa 2020. Anayesoma maelezo ya zamani yanayolitaja hana budi kuyaweka kando.

Nafuu ya American Opportunity

Hii ndiyo nafuu kubwa zaidi. Inafikia dola 2,500 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Hesabu yake ni asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza za gharama zinazokubalika, na asilimia 25 ya dola 2,000 zinazofuata. Inaweza kudaiwa kwa miaka minne ya kodi tu kwa mwanafunzi mmoja, kwa hiyo jumla yake haizidi dola 10,000.

Kuna sifa ambayo nafuu nyingine ya elimu haina. Asilimia 40 ya nafuu hii, yaani hadi dola 1,000, inaweza kurejeshwa kwa fedha taslimu hata kama mwombaji hadaiwi kodi yoyote. Familia yenye kipato kidogo, ambayo kisheria huenda hailazimiki kuwasilisha ritani, huipoteza fedha hiyo kwa sababu tu haikuwasilisha.

Masharti yanayomhusu mwanafunzi mwenyewe ni manne. Kwanza, awe anasomea shahada, diploma au cheti kinachotambulika. Pili, awe amesajiliwa kwa angalau nusu ya masomo anayochukua mwanafunzi wa muda wote, walau kwa muhula mmoja ulioanza ndani ya mwaka huo. Tatu, awe hajakamilisha miaka minne ya mwanzo ya elimu ya juu kabla mwaka huo wa kodi haujaanza. Nne, hadi mwisho wa mwaka awe hajatiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai linalohusu dawa za kulevya.

Sharti la miaka minne lina jambo ambalo wengi hawalioni. Mwanafunzi aliyeanza chuo Agosti 2022 na kutarajiwa kuhitimu Mei 2026 atakuwa amegusa miaka mitano ya kalenda, kuanzia 2022 hadi 2026. Nafuu ni ya miaka minne tu, hivyo familia inaweza kuchagua miaka minne yenye manufaa zaidi. Mara nyingi mwaka wa kwanza huwa na muhula mmoja na gharama ndogo. Aliyeutumia mwaka huo kudai nafuu ndogo huenda akajutia uamuzi huo baadaye.

Nafuu ya Lifetime Learning

Nafuu ya pili ina masharti mepesi zaidi, lakini faida yake ni ndogo. Ni asilimia 20 ya dola 10,000 za kwanza za gharama, yaani isiyozidi dola 2,000 kwa ritani moja, hata kama familia ina wanafunzi watatu. Haina ukomo wa miaka. Inawafaa wanafunzi wa shahada ya uzamili na uzamivu, pamoja na mfanyakazi anayechukua somo moja la jioni ili kuongeza ujuzi wa kazi yake. Hukumu ya dawa za kulevya haimzuii mtu kuidai.

Kasoro yake ni kwamba haina sehemu inayorejeshwa kwa fedha taslimu. Ikiwa mwanafunzi hadaiwi kodi, nafuu hii haimsaidii kitu. Vilevile, nafuu zote mbili haziwezi kudaiwa kwa mwanafunzi mmoja katika mwaka mmoja. Familia yenye watoto wawili, hata hivyo, inaweza kutumia American Opportunity kwa mmoja na Lifetime Learning kwa mwingine.

Kiwango cha mapato ni kimoja kwa nafuu zote mbili tangu mwaka wa kodi wa 2021. Kwa asiye na ndoa, nafuu huanza kupungua mapato yake yanapozidi dola 80,000 na hutoweka kabisa yanapofika dola 90,000. Kwa wanandoa wanaowasilisha ritani ya pamoja, viwango hivyo ni dola 160,000 na dola 180,000. Wanandoa wanaowasilisha ritani kila mmoja peke yake hawapati nafuu hata moja, bila kujali udogo wa mapato yao.

Gharama zipi zinahesabiwa?

Zinazohesabiwa ni ada ya masomo na michango ambayo chuo kinamlazimu kila mwanafunzi kuilipa ili asajiliwe. Kwa American Opportunity, vitabu na vifaa vinavyohitajika katika masomo vinahesabiwa pia, hata vikinunuliwa nje ya chuo. Kompyuta nayo inahesabiwa iwapo mwanafunzi anaihitaji ili asome chuoni hapo. Risiti za vitu hivyo hazitaonekana kwenye fomu 1098-T, hivyo ni juu ya mwanafunzi kuzihifadhi.

Kodi ya chumba, chakula, nauli, bima na matibabu havihesabiwi, ingawa kwa wanafunzi wengi ndivyo vinavyomeza fedha nyingi.

Ada iliyolipwa kwa mkopo inahesabiwa kama ada iliyolipwa kwa fedha za mfukoni, na inahesabiwa katika mwaka ilipolipwa, si mwaka mkopo utakaporejeshwa. Ada iliyolipwa Desemba kwa ajili ya muhula unaoanza kati ya Januari na Machi inaingia katika mwaka wa malipo. Mjomba au rafiki akimlipia mwanafunzi ada moja kwa moja chuoni, sheria inachukulia kwamba mwanafunzi ndiye aliyelipa.

Ufadhili usiotozwa kodi, ikiwamo ruzuku ya serikali iitwayo Pell, lazima utolewe kwenye gharama kabla ya kupiga hesabu. Tuseme ada ni dola 7,000, mwanafunzi amepata ufadhili wa dola 5,000 kwa ajili ya ada, kisha akanunua vitabu vya dola 800. Gharama inayobaki ni dola 2,800. Nafuu ni dola 2,000 za kwanza, pamoja na robo ya dola 800 zilizobaki, jumla dola 2,200.

Iwapo mzazi wa mwanafunzi huyo anadaiwa kodi ya dola 900, sehemu inayorejeshwa ni asilimia 40 ya 2,200, yaani dola 880. Sehemu iliyobaki ya dola 1,320 inafuta deni lote la dola 900. Dola 420 zinazozidi hapo hazilipwi kwa mtu yeyote. Mwisho wa hesabu, mzazi hadaiwi kodi na anapokea hundi ya dola 880.

Mzazi adai au mtoto?

Swali hili huleta mvutano katika familia nyingi. Kanuni ni kwamba nafuu humfuata anayemtaja mwanafunzi kama mtegemezi katika ritani yake. Mzazi akimtaja, mzazi ndiye anayedai, hata kama mtoto alilipa ada kwa mshahara wake mwenyewe. Asipomtaja, mtoto anaweza kudai mwenyewe.

Kwa kawaida mtoto huwa mtegemezi akiwa chini ya miaka 19, au chini ya miaka 24 ikiwa ni mwanafunzi wa muda wote kwa angalau miezi mitano ya mwaka. Awe ameishi na mzazi kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na miezi anayokaa bweni inahesabiwa kama yuko nyumbani. Aidha, awe hajajigharimia mwenyewe zaidi ya nusu ya mahitaji yake.

Kijana anayeona ni bora adai mwenyewe apate zile dola 1,000 taslimu anapaswa kutahadhari. Sehemu hiyo ya kurejeshwa haitolewi kwa wanafunzi wengi wa muda wote walio chini ya miaka 24, ikiwa kipato chao cha kazi hakifiki nusu ya mahitaji yao na angalau mzazi mmoja yu hai. Kijana huyo ataweza kupunguza kodi anayodaiwa, lakini hatapokea fedha taslimu. Kwa hiyo, katika familia nyingi, mzazi ndiye anayenufaika zaidi, na suala la kugawana kilichopatikana hubaki kuwa la nyumbani.

Sharti jingine linazigusa familia zinazolea watoto wa ndugu, jambo la kawaida miongoni mwa Waafrika Mashariki walioko ughaibuni. Mjomba anayeishi Houston anaweza kumtaja mpwa wake kama mtegemezi, kwa kuwa sheria inawatambua watoto wa ndugu, mradi masharti ya umri, makazi na matumizi yatimie. Hata hivyo, mtegemezi lazima awe raia wa Marekani, au mkazi kwa maana ya kodi, au mkazi wa Canada au Mexico. Mpwa mwenye kadi ya kijani anaweza kukubalika. Mpwa aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, angali katika miaka yake ya mwanzo, hakubaliki, hata kama mjomba anamlisha, anamvisha na kumlipia kila senti ya ada.

Kwa sababu hiyo hiyo, mfanyakazi wa Marekani anayemsomesha mwanawe aliyebaki Nairobi au Dodoma, na asiye raia wala mkazi wa Marekani, hawezi kudai nafuu kwa ada hiyo. Zaidi ya hapo, chuo chenyewe lazima kiwe miongoni mwa vile vinavyoruhusiwa kushiriki katika mipango ya misaada ya wanafunzi ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Naye mzazi aliyeko Mwanza anayetuma ada kwa benki, asiye na mapato ya kutozwa kodi Marekani, hana kodi ya kupunguziwa huko.

Wenye viza ya mwanafunzi

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Sheria inasema kwamba mgeni aliyehesabiwa kuwa si mkazi kwa maana ya kodi, hata kwa sehemu tu ya mwaka, hawezi kudai nafuu hizi mbili. Ukazi huu hautegemei mtu anaishi wapi wala ameishi kwa muda gani peke yake. Unategemea aina ya viza na hesabu ya siku.

Mtu wa kawaida huhesabiwa kuwa mkazi akiwa amekaa Marekani angalau siku 31 katika mwaka husika, na siku 183 kwa jumla katika kipindi cha miaka mitatu. Katika jumla hiyo, siku za mwaka husika huhesabiwa zote, theluthi ya siku za mwaka uliotangulia, na sudusi ya siku za mwaka ulio kabla ya huo. Lakini mwanafunzi mwenye viza ya F-1 au J-1 hahesabiwi siku zake kwa miaka mitano ya kalenda. Mwaka alioingia unahesabiwa kuwa mwaka kamili hata kama alitua uwanjani tarehe 31 Desemba.

Kwa mfano, mwanafunzi aliyewasili Agosti 2021 kwa viza ya F-1 alitumia miaka yake mitano kuanzia 2021 hadi 2025. Siku zake zinaanza kuhesabiwa Januari 1, 2026, na akifikisha siku 183 katika mwaka huo anakuwa mkazi kwa maana ya kodi. Aliyewahi kuja awali akiwa kijana wa sekondari katika mpango wa kubadilishana wanafunzi kwa viza ya J-1, miaka hiyo nayo huingia katika hesabu ya mitano.

Matokeo yake ni magumu kwa mwanafunzi wa kigeni. Katika miaka mitano ambayo anasomea shahada ya kwanza, na ambayo mara nyingi hulipa ada ya juu kuliko wenzake wa jimbo hilo, mlango wa nafuu umefungwa. Unapofunguliwa, huwa amekwisha kukamilisha miaka minne ya mwanzo ya elimu ya juu, kwa hiyo American Opportunity imempita. Kinachobaki ni Lifetime Learning, isiyorejesha fedha taslimu, ambayo itamfaa tu akiendelea na masomo na akiwa na kodi anayodaiwa.

Kwa Watanzania, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, Warundi na Wakongo kuna pengo jingine. Nchi zao hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Baadhi ya nchi nyingine zina mikataba inayowapa wanafunzi wao unafuu fulani. Wanafunzi wa India, kwa mfano, huruhusiwa kutumia punguzo la kawaida ambalo mgeni asiye mkazi halipati. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hapaswi kuiga ritani ya rafiki yake wa India, ingawa viza zao ni za aina moja.

Njia ya pekee kwa mgeni wa aina hii ni ndoa. Aliyeoa au kuolewa na raia au mkazi wa Marekani anaweza kuchagua kuhesabiwa kama mkazi na kuwasilisha ritani ya pamoja na mwenzi wake. Uamuzi huo una gharama yake, kwa sababu mapato yao yote, pamoja na yale ya nyumba au biashara iliyoko Tanzania, huingia katika kodi ya Marekani.

Wenye kadi ya kijani na wakimbizi

Waliohamia Marekani kwa kadi ya kijani, iwe kwa bahati nasibu ya viza au kupitia jamaa, hawaguswi na kanuni ya miaka mitano. Mwenye kadi hiyo ni mkazi kwa maana ya kodi. Wakimbizi, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopokelewa katika miji mbalimbali ya nchi hiyo, nao siku zao huhesabiwa tangu wanapowasili, kwa kuwa hawakuingia kwa viza ya mwanafunzi.

Tahadhari ni juu ya mwaka wa kwanza. Mtu aliyeingia Juni ni mkazi kuanzia Juni, lakini kuanzia Januari hadi Juni hakuwa mkazi. Kwa kuwa sehemu ya mwaka wake haikuwa ya ukazi, kwa kawaida hawezi kudai nafuu kwa mwaka huo, isipokuwa kwa ule uchaguzi wa wanandoa. Mwaka unaofuata kizuizi hicho huondoka.

Jambo jipya ni namba. Kwa mujibu wa sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025, kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 anayedai nafuu hizi lazima awe na namba ya hifadhi ya jamii, na mwanafunzi anayedaiwa nafuu hiyo vivyo hivyo. Kabla ya hapo, namba ya mlipakodi inayotolewa kwa wasio na namba ya hifadhi ya jamii iliweza kutosha. Familia ambazo mzazi mmoja alitumia namba hiyo ya mbadala zinapaswa kuangalia upya hali zao.

Riba ya mikopo ya masomo

Punguzo linalobaki kwa wengi ni la riba ya mkopo wa masomo, lisilozidi dola 2,500 kwa mwaka. Linamhusu yule anayewajibika kisheria kuulipa mkopo na ambaye hatajwi kuwa mtegemezi wa mtu mwingine. Mkopo uliotolewa na ndugu hauhesabiwi. Kwa mwaka wa kodi wa 2025, punguzo hili huanza kushuka mapato yakizidi dola 85,000 kwa asiye na ndoa na hukoma yakifika dola 100,000. Kwa wanandoa ni dola 170,000 na 200,000.

Zamani riba iliyokubalika ilikuwa ya miezi 60 ya kwanza tu. Ukomo huo uliondolewa na sheria ya mwaka 2001, hivyo mhitimu anaweza kuendelea kudai kwa muda wote anaolipa riba.

Gharama ya kukosea

Nafuu hizi hudaiwa kwa fomu 8863, inayoambatanishwa na ritani ya kawaida iitwayo 1040. Mwanafunzi asiye mkazi hutumia ritani nyingine, 1040-NR, pamoja na fomu 8843 inayoeleza kwa nini siku zake hazihesabiwi. Fomu 8843 humhusu hata yule ambaye hakupata kipato chochote. Tatizo ni kwamba programu za kompyuta zilizozoeleka zimetengenezwa kwa ajili ya raia na wakazi. Mwanafunzi mgeni akiingiza takwimu za fomu 1098-T na kujibu vibaya swali la ukazi, programu humwonyesha marejesho mazuri ambayo si haki yake.

Mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, IRS, inaweza kudai fedha hizo zirudishwe pamoja na riba, na kuongeza adhabu ya asilimia 20. Ikithibitika kwamba mtu alidai American Opportunity kwa kupuuza kanuni makusudi, anaweza kuzuiwa kuidai kwa miaka miwili. Ikithibitika kuwa ni ulaghai, kwa miaka kumi. Kijana aliyezuiwa kwa njia hiyo huenda akapata kadi ya kijani baadaye na kukuta haki aliyoipata halali haitumiki. Isitoshe, maombi ya uraia wa Marekani huuliza kuhusu kodi, na ritani yenye kasoro hudai maelezo.

Aliyegundua kwamba amekosea anashauriwa kuwasilisha marekebisho kwa fomu 1040-X kabla ya barua ya IRS kumfikia. Kwa upande mwingine, aliyestahili na hakudai hajachelewa moja kwa moja. Kwa kawaida anazo hadi miaka mitatu tangu alipowasilisha ritani yake kurudi nyuma na kudai, ilimradi yeye na mwanafunzi walikuwa na namba zinazohitajika kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka huo. Siku hiyo kwa kawaida ni Aprili 15.

Wenye kipato kidogo wanaweza kupata msaada wa bure wa kujaza ritani kutoka kwa watu wa kujitolea waliopewa mafunzo chini ya mpango wa IRS uitwao VITA, ingawa si kila kituo kinashughulikia wageni wasio wakazi. Wanafunzi wa kigeni wanaweza kuanzia katika ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwao, ambako mara nyingi huelekezwa kwenye programu iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Kabla ya kufungua fomu 1098-T, basi, mwanafunzi anapaswa kujibu maswali matatu. Je, kwa mwaka mzima nilikuwa mkazi kwa maana ya kodi? Je, kuna mtu mwingine anayenitaja kama mtegemezi wake? Je, baada ya kutoa ufadhili, kuna ada niliyolipa kweli? Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, na hakuna mwenzi wa kuwasilisha naye ritani ya pamoja, hakuna haja ya kuendelea na mengine mwaka huo. Likiwa ndiyo, kuna hadi dola 2,500 zinazosubiri kudaiwa na mwenye haki nazo.